Kwa nini kila kamji ka Ujerumani kana fani yake? Visu, beringi, saa, mikasi ya upasuaji, kila kimoja na kwao

#1 Fundi_Ramani
Wakuu, salaam.

Ukitaka kuijua Ufaransa unaanza Paris, na mambo mengi utayamaliza hapohapo. Ujerumani haiko hivyo. Serikali iko Berlin, benki Frankfurt, bandari Hamburg, magari Stuttgart na München, hayo yanajulikana. Kinachonishangaza ni hii midogo. Visu: Solingen. Mikasi na koleo za upasuaji: Tuttlingen, mji usiofikisha watu 40,000. Beringi: Schweinfurt. Kauri: Meissen. Saa za mkono za bei mbaya: Glashütte, ambako hata watu 10,000 hawafiki. Kukata vito: Idar-Oberstein. Marzipani (peremende ya lozi): Lübeck. Na si sifa za makumbusho hizi, viwanda vinapiga kazi mpaka leo.

Dai langu ni kwamba sababu ni moja: vipande. Kabla ya 1871 hapakuwa na dola moja ya Ujerumani. Kulikuwa na falme, himaya za maaskofu na miji huru, na kila mtawala alitaka kitu cha kumwingizia fedha bila kununua kwa jirani. Kiwanda cha Meissen kilianza 1710 kwa amri ya August wa Saksonia, aliyekuwa akimaliza hazina kwa kununua kauri za Uchina na Japani. Pforzheim, unaoitwa mji wa dhahabu, ulipata kiwanda cha saa na vito mwaka 1767 kwa kibali cha Karl Friedrich wa Baden, na kilianzia ndani ya nyumba ya yatima ili watoto wapate ufundi. Hakukuwa na mfalme mmoja wa kuvivuta vyote kwenye mji mkuu.

Mwenye hoja nyingine aimwage hapa.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshafika. Chai ipo, bagia zipo. Endeleeni.

#3 Mwanamto
Mleta mada umeanzia ghorofani, msingi umeuacha. Wafalme walikuja baadaye, kwanza ni maji.

Solingen iko kwenye vilima vinavyomwaga vijito kwenye mto Wupper. Kijito kikizibwa kidogo kinazungusha gurudumu la mbao, gurudumu linazungusha jiwe la kunolea. Misitu ilitoa mkaa, chuma kilikuwa karibu. Hapo tayari una mji wa visu, hata mfalme asipojua.

Idar-Oberstein hivyohivyo. Mlimani kulikuwa na akiki, bondeni kijito cha Idarbach. Mkataji alilala kifudifudi juu ya kibao, akakandamiza jiwe lake kwenye gurudumu kubwa la jiwe la mchanga linalozungushwa na maji, huku miguu ikijisukuma kwenye gogo nyuma yake. Akiki ya kwao ilipopungua, karne ya 19 wenyeji wakahamia Brazil, wakaikuta nyingine tele Rio Grande do Sul, wakaanza kuisafirisha nyumbani ikakatwe. Leo vito vya rangi kutoka pande nyingi za dunia vinapita pale, tanzanaiti ikiwemo.

#4 Hoja_Kwa_Hoja
@Mwanamto umejifunga goli mwenyewe. Akiki ya kwao imeisha, kazi imebaki. Gurudumu la maji nalo lilishaachwa, umeme ukaja, kazi imebaki. Basi mto unaeleza kilichoanzisha, hauelezi kwa nini haikuhama kwenda mji mkubwa. Swali la #1 ni hilo la pili.

Na mnasahau jambo kubwa kuliko yote: 1945. Ramani ya viwanda ya Ujerumani ya leo imechorwa na mstari wa mgawanyo wa Mashariki na Magharibi. Angalieni:

Siemens ilianzishwa Berlin 1847, ikajenga mtaa mzima unaoitwa Siemensstadt. Baada ya vita makao yakahamia München na Erlangen.
Zeiss, watu wa lenzi, ni ya Jena tangu 1846. Mwaka 1945 Wamarekani, kabla ya kuwakabidhi Wasovieti mkoa wa Thuringia, waliondoka na wataalamu wa Zeiss na wa kioo cha Schott. Kundi la Zeiss likaishia Oberkochen, Schott ikajijenga Mainz.
Wachapishaji wa vitabu wa Leipzig: Reclam ikaenda Stuttgart, Brockhaus Wiesbaden.
Benki: kabla ya vita kitovu kilikuwa Berlin. Mwaka 1948 Bank deutscher Länder, benki kuu ya upande wa magharibi, ikawekwa Frankfurt, baadaye Bundesbank iliyoirithi hapohapo, kisha Benki Kuu ya Ulaya 1998.

Bila vita, Berlin ingekuwa Paris yenu.

#5 Gia_Namba_Tano
#4 ongeza Audi. Watu wengi wanadhani ni ya Ingolstadt tangu enzi. August Horch alianzia kazi hiyo Köln, akaja kuhamia Zwickau, Saksonia, na kampuni ya Audi ikazaliwa huko 1909. Auto Union, muungano ulioimeza Audi, ilikuwa na makao Chemnitz. Wasovieti walipochukua viwanda, waliobaki wakaanza upya Ingolstadt mwaka 1949 kwa pikipiki na vigari vya mizigo. Zwickau yenyewe ikabaki na gari la Trabant mpaka 1991. Leo Volkswagen inaunda magari ya umeme palepale.

#6 Bi_Kauri
Naomba kupinga #4 kwa adabu. Soko la hisa la Frankfurt linahesabu umri wake kuanzia 1585, wafanyabiashara walipokubaliana viwango vya kubadilisha sarafu wakati wa maonesho. Na maonesho yenyewe yana hati ya Kaisari Friedrich II ya mwaka 1240 ya kuwalinda wanaokwenda na kurudi. Kwa hiyo 1948 benki hazikuangukia Frankfurt kwa bahati, zilirudi kwenye soko la zamani. Vitabu navyo hivyohivyo: Frankfurt ilikuwa na maonesho makubwa ya vitabu kabla Leipzig haijaipiku, na 1949 ikarudia kazi yake.

#7 Hoja_Kwa_Hoja
Bi Kauri, na Hamburg je? Ilikuwa inashindana na Frankfurt kupata ile benki 1948, na Hamburg nayo ni ya wafanyabiashara tangu zama za Hansa, ule muungano wa kale wa miji ya biashara. Waliokata shauri ni Wamarekani, kwa sababu Frankfurt ilikuwa kwenye eneo lao na Hamburg ilikuwa kwa Waingereza. Historia ya 1240 haikupiga kura.

#8 Siti_ya_Mbele
Hapo bagia imenikwama kooni 😂

#9 Mzee_wa_Reli
Wakati mnabishana, wasafiri wasipotee. Miji yenye majina pacha imeshawatia watu hasara ya tiketi:

Frankfurt (Main) ndiyo ya benki na uwanja mkubwa wa ndege. Frankfurt (Oder) iko mpakani na Poland, upande wa pili wa nchi. Kwenye tiketi soma kilichomo kwenye mabano.
Uwanja wa Frankfurt-Hahn uko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt yenyewe. Tiketi ya ndege ikiwa rahisi mno, tazama kama ni Hahn, kisha jumlisha basi.
Freiburg iko kusini magharibi, mlango wa Msitu Mweusi. Freiberg, kwa "e", iko Saksonia, na ndiko kwenye chuo cha madini cha tangu 1765. Wanaoomba kusoma jiolojia waangalie hiyo herufi kabla ya kutuma vyeti.
Halle (Saale) ndio mji mkubwa jirani na Leipzig. Halle (Westfalen) ni mwingine, mdogo.

Na kwa wapenda sherehe: Oktoberfest ya München huanza Septemba. Anayefika katikati ya Oktoba anakuta mahema yanang'olewa. Bia inayouzwa ndani ni ya viwanda sita vya München tu: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten.

#10 Mpigachapa
Fundi_Ramani umetaja yote, Heidelberg umeiacha? Chuo chake cha 1386 tunakiheshimu, lakini kwa mpigachapa yeyote wa Dar au Nairobi Heidelberg ni mashine. Kampuni ilianza 1850 Frankenthal kwa kusubu kengele, ikahamia Heidelberg 1896. Kiwanda kikubwa kiko Wiesloch, kilomita chache kusini.

Kwa vijana wanaotaka kununua iliyotumika:

GTO 52, mashine ndogo ya ofseti ya Heidelberg, inapokea karatasi hadi sm 36 × 52. Maana yake A3 inaingia na nafasi ya kukata inabaki. A2 haiingii, msidanganywe. Kalenda na mabango ya A2 yanataka mashine ya MO ya sm 48 × 65 au zaidi.

Ile mashine ya zamani ya mikono inayozunguka, sm 26 × 38, uzalishaji wake ulikoma 1985 lakini bado ni lulu. Kwa kuchapa rangi kubwa hapana. Kwa kupiga namba za vitabu vya risiti, kutoboa mstari wa kuchania, kukunja kadi na kukata maumbo, hakuna inayoipita kwa bei.

Ugonjwa mkubwa wa GTO huku kwetu ni maji. Maji ya kulowesha pleti yanatakiwa yawe na asidi kidogo, pH 4.8 hadi 5.5. Mkitumia ya kisima yenye chokaa, chokaa inaganda kwenye rola, rola inang'aa na kukataa wino, halafu mnalaumu rola. Maji yakipungua, wino unashika hata sehemu tupu za pleti na karatasi inatoka chafu. Yakizidi, wino unachanganyika na maji, rangi inapauka na kazi haikauki mpaka kesho. Anza na maji kidogo, ongeza polepole mpaka uchafu upotee, simama hapo.

#11 Fundi_Ramani
Mpigachapa ahsante, hiyo ya pH ihifadhiwe. Lakini Heidelberg inaunga mkono hoja gani? Mto Neckar upo, mfalme alikuwepo, vita haikuihamisha.

#12 Mpigachapa
Haiungi mkono yoyote. Würzburg nako kuna Koenig & Bauer tangu 1817, Offenbach na Augsburg kulikuwa na Roland na MAN, wote wa mashine za kuchapa. Ukichora duara kutoka Mainz alikozaliwa Gutenberg, baba wa uchapaji, zote ziko kusini humohumo. Lakini kati ya Gutenberg na Koenig kuna zaidi ya miaka 350, kwa hiyo sitaki kuuza hiyo hadithi.

#13 Kinoo
Turudi Solingen maana ndiko watu wanakoibiwa zaidi. Neno "Solingen" kwenye kisu linalindwa kisheria, kwanza kwa sheria ya 1938, kisha kanuni ya 1994. Hatua zote muhimu za kutengeneza lazima zifanyike ndani ya eneo la Solingen, ambalo kisheria linaingiza na mji jirani wa Haan. "German Steel" hailindwi kwa namna hiyo, inaweza kuwa chuma cha Ujerumani na kazi ya kwingine kabisa. Kwa hiyo usisome ukubwa wa bendera kwenye boksi, soma neno lililopigwa kwenye bapa.

Visu vya Wüsthof na wenzake hutumia chuma chenye alama X50CrMoV15, ugumu wa kama 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Ni laini kuliko vya Kijapani, ndiyo maana havimeguki kirahisi na makali yake yanarudi haraka ukivipitisha kwenye kinoo. Pembe ni nyuzi 14 au 15 kila upande. Jiwe la namba 1000 kurudisha makali, 3000 kulainisha, basi. Makosa ni matatu: kunoa kwa gurudumu kavu la grainda (joto linaua ugumu, utaona rangi ya buluu ukingoni), kukata juu ya sahani au marumaru, na kuviacha kwenye beseni la vyombo.

Nadharia yangu kuhusu swali? Sheria ya jina. Ukishalinda jina la mji, kiwanda kikihama kinapoteza jina. Kinabaki hata kama kodi ni kubwa.

#14 Bi_Kauri
Kinoo, hiyo ina ushahidi mwingine. Marzipani ya Lübeck: jina linalindwa na Ulaya, na sukari inayoongezwa haizidi asilimia 30, iliyobaki iwe unga wa lozi uliopikwa. Soseji za Nürnberg: urefu sm 7 hadi 9, uzito gramu 20 hadi 25, zitengenezwe ndani ya mji. Saa za Glashütte: angalau nusu ya thamani ya mtambo ifanyiwe pale pale, na tangu 2022 ni kanuni ya taifa zima.

Meissen ina panga mbili za buluu zilizopishana tangu 1722, zinazochorwa kwa mkono chini ya glezi, ile ngozi ya kioo juu ya kauri. Pitisha kidole: panga za chini ya glezi hazisikiki. Ukiona mikwaruzo iliyokatwa juu ya panga ni daraja la pili, kiwanda chenyewe kimekiri kasoro, bei ishuke. Na tafadhali, Meissen si Dresden. Dresden iko kama kilomita 25 kupanda mto, na siku hizi inajulikana zaidi kwa chipu za kompyuta.

#15 Hoja_Kwa_Hoja
Sheria ya Solingen ni ya 1938. Visu vya Solingen ni vya zama za kati. Glashütte ilianza 1845, kanuni 2022. Mnatuambia mtoto kamzaa mama yake?

#16 Kinoo
Swali lilikuwa kwa nini HAZIKUHAMA, umeliweka mwenyewe #4. Au umehama wewe?

#17 Siti_ya_Mbele
😂😂😂 Refa, goli hilo lihesabiwe.

#18 Sista_Theatre
Kwa walioko hospitali, Tuttlingen ipewe haki yake. Aesculap ilianza huko 1867, Karl Storz wa kamera za kuchungulia tumboni 1945, na kuzunguka hizo mbili kuna mamia ya karakana. Chapa ya "Germany" peke yake kwenye mkasi haithibitishi chochote. Tafuta jina la mtengenezaji, namba ya katalogi na alama ya CE, kisha linganisha na katalogi yenyewe. Bidhaa nyingi za bei ya chini zinatoka Sialkot, Pakistan, na si zote mbaya, ila ulipie bei ya Sialkot.

Vifaa vizuri vinaharibiwa na sisi wenyewe. Chuma chake kina kromiamu na hakishiki kutu kirahisi, lakini klorini inakitoboa vitundu. Kwa hiyo:

Usiloweke kwenye jiki. Usiache kwenye maji ya dripu yenye chumvi. Damu nayo ina chumvi, isikaukie juu yake, suuza mara tu baada ya kazi.
Fungua kiungo unaposugua, uchafu hukaa pale kwenye pivoti. Brashi ya plastiki, si steelwool.
Suuza mwisho kwa maji yaliyoondolewa madini, kausha, tone la mafuta ya tiba kwenye kiungo. Mafuta ya cherehani hapana, mvuke haupiti.
Ndani ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), kwa nyuzi 134, koleo liwe wazi au limefungwa jino la kwanza tu. Ukifunga meno yote, chuma kikipanuka kwa joto kiungo kinapasuka, ufa mwembamba ambao utauona siku koleo linapoachia mshipa.
Kifaa kimoja chenye kutu kinaambukiza trei nzima, kitoe.

Pete za dhahabu kwenye mpini maana yake mdomo una tangsteni kabaidi. Hiyo ni kwa sindano na nyuzi, si ya kukatia waya.

#19 Mwanamto
Sista, hiyo post iwekwe ukutani. Na niseme, Tuttlingen iko kwenye mto Danube. Maji tena.

#20 Sista_Theatre
Danube pale bado ni mto mdogo, kiangazi sehemu za karibu maji yake yanazama ardhini na mto unakauka kabisa, jirani pale Immendingen. Tafuta hoja nyingine 🙂

#21 Beringi_Mia
Schweinfurt: Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe mviringo sawasawa mwaka 1883. Huo ndio mwanzo wa FAG, kampuni ya beringi. SKF ya Wasweden nayo ina kiwanda kikubwa hapo, na Sachs wa klachi na shokamzoba ni wa hapohapo. Ndiyo maana 1943 ndege za Marekani ziliupiga mji huo mara mbili kwa hasara kubwa: walidhani wakiua beringi wameua vifaru.

Kusoma namba, kwa wasiojua: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5 upate tundu la ndani kwa milimita, kuanzia 04. Kwa hiyo 6205 ni tundu la 25, nje 52, upana 15. 6305 tundu ni lilelile 25, ila nje 62 na upana 17, inabeba zaidi. Chini ya 04 kanuni haifanyi kazi: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. C3 ina nafasi zaidi ndani, kwa mota zinazopata joto. Usiiweke C3 kila mahali eti ni "bora".

Kufunga: ukiiingiza kwenye shafti, nguvu ipite pete ya ndani tu. Ukigonga ya nje, gololi zinatia alama njiani na italia baada ya wiki. Kama inabana, ipashe joto isizidi nyuzi 120. Zenye mpira pembeni usizitumbukize kwenye mafuta ya moto, grisi yake itaharibika.

Bandia ziko nyingi. Schaeffler, wenye FAG sasa, wana programu ya simu iitwayo OriginCheck ya kusoma kile kimraba cha nukta kwenye boksi. Na makao yao ni Herzogenaurach, mji uleule wa Adidas na Puma.

#22 Fundi_Ramani
Herzogenaurach! Ndugu wawili wa Dassler waligombana, 1948 Puma, 1949 Adidas, mji mmoja wa watu elfu ishirini na kitu. Hiyo nayo ni mto?

#23 Pwani_Kwetu
Mnasema miji midogo, hamjaitaja Papenburg. MV Liemba yetu ya Tanganyika imetoka wapi?

#24 Gia_Namba_Tano
Hamburg, si ndiko meli zilikoundwa?

#25 Mzee_wa_Reli
Hapana. Hamburg ilipakia tu. Meli iliundwa 1913 na Meyer Werft, Papenburg, ikiitwa Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma na kuungwa tena. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila walipaka injini grisi nene kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua 1924 mitambo ilifaa, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Papenburg iko bara, kilomita 30 na ushei kutoka pwani. Meli za kitalii za leo zinashuka mto Ems kinyumenyume, tezi mbele, kwa sababu hivyo zinaongozeka vizuri zaidi kwenye mto mwembamba. Maji yasipotosha, wanafunga lango la Gandersum karibu na mlango wa mto, mto unajaa, meli inapita. Mwaka 2024 ilipokwama kifedha, serikali zilichukua karibu asilimia 80 ya hisa.

#26 Hoja_Kwa_Hoja
Kumbe hata mahali pabaya kwa kazi, kazi inabaki kwa sababu serikali haitaki kuzika mji. Weka hiyo kama nadharia ya tano.

#27 MawimbiMafupi
Bonn hamjaigusa! Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza 1963 ikiwa Köln, ikahamia Bonn 2003. Kwa wasikilizaji wa redio mji mkuu ulikuwa Bonn hata bunge lilipoondoka 1999. Bonn ilibaki na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi, Posta na Telekom. Mji ulionyang'anywa kazi ukapewa nyingine.

#28 Wa_Eldoret
Wazee, mnara wa kanisa la Ulm ndio mrefu zaidi duniani, mita 161.5. Mbona hakuna aliyetaja?

#29 Bi_Kauri
Ulikuwa. Sagrada Família ya Barcelona iliupita Oktoba 2025. Ule wa Köln ni mita 157, ulianza 1248 ukamalizika 1880.

#30 Fundi_wa_Shule
Nyote mmeruka darasa. Furtwangen, Msitu Mweusi, ilipata shule ya saa 1850. Mafunzo ya ufundi Ujerumani ni miaka 2 hadi 3 na nusu: siku moja au mbili kwa wiki shuleni, zilizobaki kiwandani kwa mshahara, mtihani unasimamiwa na chemba ya biashara au ya mafundi. Kiwanda kikihama kinawaacha walimu, watahini na vijana. Kwa vijana wa kwetu wanaotaka njia hiyo, lugha ya Kijerumani kwa kawaida ni B1 (kiwango cha kati) kwenda juu, na mitihani ya Goethe-Institut inafanyika Dar na Nairobi. Mkataba wa kiwanda kwanza, viza baadaye, si kinyume chake.

#31 Hoja_Kwa_Hoja
Shule ya 1850 ilianzishwa kwa sababu saa zilikuwa zinakufa kwa ushindani. Saa za Msitu Mweusi zilikuwepo kabla ya shule.

#32 Kinanda_cha_Mdomo
Ngoja niwaharibie wote. Trossingen: hakuna mto wa maana, hakuna madini, hakuna mfalme aliyeamuru, vita haikuuhamisha. Mwaka 1857 Matthias Hohner, fundi saa, alianza kutengeneza vinanda vya mdomo baada ya kuona vya Messner, jirani yake. Akauza Marekani kwa wingi, jamaa na majirani wakaiga, mji mzima ukapuliza. Maelezo ni mtu mmoja na waigaji wake.

#33 Beringi_Mia
Hiyo inafanya kazi Schweinfurt pia. Inafanya kazi Herzogenaurach.

#34 Gia_Namba_Tano
Haifanyi kazi Wolfsburg. 1938 palikuwa na mashamba na mfereji wa Mittelland, mji ukajengwa kwa amri kwa ajili ya gari moja, na jina Wolfsburg likaja 1945. Siku hizi kiwanda kina soseji yake yenye namba ya spea, 199 398 500 A.

#35 Siti_ya_Mbele
Hiyo soseji ni chai.

#36 Gia_Namba_Tano
Si chai. Na kechapu yake nayo ina namba, ileile ikiishia na B.

#37 Fundi_Ramani
Wakuu nashukuru. Nimehesabu nadharia saba na hakuna inayofika Tuttlingen na Wolfsburg kwa pamoja. Kesho naleta Friedrichshafen, Zeppelin na gia za ZF, tuone nani atazifungia kwenye hoja yake. @Beringi_Mia, kabla hujaondoka: 6205 ya pampu ya maji, C3 au ya kawaida?

#38 Beringi_Mia
Soma kwenye ile ya zamani unayoitoa. Haisomeki? Upande wa mota C3, upande wa pampu ya maji baridi ya kawaida inatosha, zote zenye mpira pande mbili. Kwenye boksi la FAG huandikwa 2RSR au 2HRS. Na ubadilishe sili ya pampu siku hiyohiyo, maana maji yanayovuja kwenye sili ndiyo yaliyoiua beringi ya kwanza.